Tundu la Kisu Haliponi kwa Msharasi: Hotuba kwa Mafundi wa Ngozi na Wanagenzi Wao, Morogoro

Ndugu Mwenyekiti wa ushirika, walimu wa karakana, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaohitimu leo baada ya miezi mingi ya kurudi nyumbani na harufu ambayo majirani zenu hadi leo hawajaizoea: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie ufundi wa ngozi na jumuiya inayouzunguka. Nitaanza na ngozi hii moja niliyoitandaza mezani, kwa sababu karibu yote ninayotaka kuyasema yameandikwa juu yake, na mwenye kujua kuisoma angeweza kuondoka sasa hivi bila kupoteza kitu.

Hii ni ngozi ya ng'ombe wetu wa kienyeji, iliyosindikwa kwa tanini ya miwati, yaani dawa ya kusindika itokayo kwenye gome la mti huo, nami niliinunua kwa bei ya daraja la chini kabisa. Tazameni pajani: pana chapa ya moto, herufi tatu kubwa kama za bango la duka, ambazo mfugaji aliziweka ili mali yake isipotee, na haki anayo. Ubavuni mna mikwaruzo ya miiba. Tumboni mna vijitundu vya kupe, vidogo kama vya sindano. Kisha njooni hapa mgongoni, mahali penye nyuzi zilizoshikamana vizuri kuliko pengine popote, mahali ambapo ningekata mkanda mrefu usiovutika hata ukivaliwa miaka kumi. Hapa pana mikato minne ya kisu cha mchunaji, miwili imetoboa kabisa na miwili imekula nusu ya unene, na hiyo iliyokula nusu ndiyo mibaya zaidi, kwa kuwa haionekani upande wa juu mpaka mkanda ukatike kiunoni mwa mteja. Hakuna hata kasoro moja kati ya hizi iliyotokea kiwandani wala karakanani kwangu. Zote zilikwishakuwapo kabla mimi sijaiona ngozi hii, na msharasi wangu, chuma hiki chenye ncha cha kutobolea ngozi, hata niunoe vipi, hauwezi kuponya hata moja.

Nasema haya mapema kwa sababu nimehudhuria mahafali mengi ya namna hii, na kila mara tunawaambia vijana wajifunze kushona kwa unadhifu, wapende kazi, wasikate tamaa. Ni maneno mema. Lakini yanamwacha fundi akiamini kwamba ufundi wa ngozi unaanzia pale anaposhika kisu chake, na mimi nimekuja kuwaambia kwamba unaanzia zizini, unapitia machinjioni, unakaa siku kadhaa kwenye chumvi na chokaa, ndipo unakufikia wewe ukiwa tayari nusu yake umekwisha kuamuliwa na watu usiowajua. Jumuiya ya ngozi ni hao watu. Sisi tunaoshona ni wa mwisho katika safu, ingawa ndio tunaopigwa picha.

Mwalimu wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa mzee aliyetoka visiwa vya Lamu akahamia Tanga, na kazi yake ilikuwa makubadhi. Vijana wa bara huenda mkawa mnavijua viatu hivi kwa kuviona tu Zanzibar, vikivaliwa na kanzu siku ya harusi au Idi: soli ya ngozi nene, ukanda mpana uliotiwa nakshi, na gidamu inayopita kati ya kidole gumba na cha pili. Mzee yule alipenda kutusimulia habari za Siyu, mji ulioko kisiwa cha Pate, ambao katika karne ya 18 na ya 19 ulisifika pwani nzima kwa mafundi wake na kwa wanazuoni wake. Watu wa historia hupenda kuitaja Siyu kwa ajili ya ngome yake na kwa ajili ya Bwana Mataka, mtawala wake aliyekataa kuinamia utawala wa Zanzibar, lakini mwalimu wangu hakujali sana habari za vita. Kilichomvutia ni kwamba katika mji ule ule mmoja walikuwapo walionakili misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu na wa manjano, walikuwapo walioijalidi misahafu hiyo kwa ngozi, na walikuwapo walioshona makubadhi na mikanda.

Fikirini maana yake kwa fundi. Katika mji mdogo wa namna ile, aliyechinja, aliyesindika na aliyeshona wangekutana msikitini mara tano kwa siku. Ngozi ikipasuka, mwenye kosa anajulikana kabla ya adhuhuri. Sidai kwamba watu wa kale walikuwa wema kuliko sisi. Ninachosema ni kwamba umbali kati ya kisu cha mchunaji na msharasi wa mshonaji ulikuwa hatua chache, nasi tumeufanya kuwa mamia ya kilomita na madalali watatu.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye usindikaji, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi tunapokuwa wajinga bila kuona haya. Ngozi mbichi, sehemu yake kubwa ni maji. Ng'ombe anapoanguka, vijidudu vinaanza kazi mara moja, na katika joto la Morogoro saa chache zinatosha kuanza kulegeza manyoya na kuharibu uso wa ngozi. Ndiyo maana chumvi inatakiwa siku ile ile, tena chumvi ya kutosha, karibu theluthi ya uzito wa ngozi yenyewe, isiwe ile konzi mbili tunazoziona zikinyunyizwa kama pilipili kwenye mhogo. Ambaye hana chumvi na aiwambe ngozi kwenye fremu, kivulini, upepo upite pande zote mbili. Akiitandaza chini juani, sehemu ya juu hukauka upesi na kufunga maji ndani, kisha joto huipika ile kolajeni, yaani nyuzi zinazoifanya ngozi kuwa ngozi. Kwa macho utaiona nzuri, ngumu, imenyooka. Siku ikilowekwa kiwandani, mahali palipopikwa panayeyuka na kubaki matundu.

Baada ya kulowekwa, ngozi huingia kwenye chokaa ili manyoya yaachie na nyuzi zifunguke, hukwanguliwa nyama iliyobaki upande wa ndani, huoshwa chokaa itoke, ndipo inapodabaghiwa. Hilo ndilo neno la watu wa pwani, kudabaghi, nami nalipenda kuliko kusindika, maana kusindika twasindika hata maziwa na alizeti. Kudabaghi kwa magome kuna siri moja ambayo mwalimu wangu aliirudia mpaka tukamchoka: anza na maji mepesi, maliza na mazito. Ukiitosa ngozi mbichi kwenye maji makali ya magome siku ya kwanza, tanini hushika nje na kufunga mlango, na katikati hubaki mbichi. Kata ukingo wake uutazame: pande mbili kahawia, katikati mstari mweupe kama mfupa. Ngozi hiyo itavunjika. Kwa hiyo ilihamishwa kutoka shimo hadi shimo, wiki hata wiki, na hapakuwa na njia ya mkato.

Magome yenyewe tunayo tangu zamani. Pwani walitumia mikoko, nayo hutoa ngozi nyekundu, ngumu kidogo. Magome ya mikoko ya Rufiji na ya Lamu yaliwahi kusafirishwa hadi Ulaya kwa ajili ya viwanda vya ngozi vya huko. Leo mikoko tunailinda, na ni sawa, kwa sababu samaki na ufukwe vinaitegemea. Nyanda za juu tuna miwati: kule Njombe ilianzishwa kampuni ya miwati mwaka 1949, na maelfu ya hekta zikapandwa mti huu wenye asili ya Australia kwa ajili ya tanini iliyomo kwenye gome lake. Ngozi hii mezani imenywa maji ya mti wa aina hiyo. Nataja haya ili mwanagenzi ajue kwamba hata mkata magome wa Njombe ni mwenzake kazini.

Ngozi nyingi duniani leo, hata hivyo, hudabaghiwa kwa chumvi za kromiamu. Kazi iliyochukua wiki huisha kwa siku moja, na ngozi hutoka laini, yenye rangi ya samawati, inayovumilia joto. Sina ugomvi na kromiamu kama kemia. Viatu vingi vizuri mlivyovaa leo vimetoka huko. Ugomvi wangu ni maji yanayotoka kiwandani yakaingia mtoni bila kusafishwa, na ugomvi wangu wa pili ni fundi anayeuza asichokijua. Mteja akikuuliza ngozi hii imesindikwaje, usibahatishe. Kata kipande kidogo ukichome: ya kromiamu huacha majivu yenye kijani kijani, ya magome huacha majivu ya kijivu. Au kitie kwenye maji yanayochemka: ya magome itajikunja na kusinyaa, ya kromiamu itastahimili. Na ile inayoyeyuka na kunuka plastiki haikuwahi kuwa na mama.

Nimefika mahali ambapo mtu anayezungumzia viatu mjini Morogoro hawezi kupakwepa. Wazee waliomo humu wanakikumbuka kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapewa uwezo wa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, ambazo nyingi zilikusudiwa kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo huo, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Wameandika wachumi wengi kuhusu kiwanda hiki, mpaka kimekuwa mfano wa darasani katika nchi ambazo hazijui Morogoro iko wapi. Wanataja kuta za bati zisizopitisha hewa katika joto letu, wanataja mashine zilizoharibika na vipuri vilivyokosekana. Yote ni kweli. Lakini mimi, kama fundi, nikiisoma habari ile huishia kuuliza swali moja dogo: jozi milioni 4 kwa mwaka ni ngozi ngapi safi za daraja la juu, kila siku, na nani alikuwa amekwenda kumfundisha mchunaji? Mashine ilikuja kwa meli. Mkono wa machinjioni haukuletwa na mtu yeyote, kwa sababu ulikuwapo tayari, ukifanya kazi kama ulivyozoea.

Ukitaka kupima uzito wa jambo hili, kumbuka kwamba tani 1 ya ngozi mbichi hutoa kilo 200 hadi 250 tu za ngozi iliyokamilika. Nyingine yote ni maji, manyoya, nyama na vipande vinavyopunguzwa. Tayari unapoteza robo tatu kwa maumbile tu. Kila tundu unaloongeza linakula ile robo iliyobaki. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na kila tunapokutana kwenye makongamano tarakimu hiyo husomwa kwa fahari kana kwamba ng'ombe ni ngozi. Ng'ombe si ngozi. Ng'ombe ni ahadi ya ngozi, na ahadi hiyo huvunjwa kwa kisu chenye ncha.

Kuhusu ushuru nitasema kwa ufupi, maana najua humu ndani hatukubaliani. Mwaka 2012 ushuru wa kusafirisha ngozi ghafi nje ya nchi ulipandishwa hadi asilimia 90, kwa nia ya kuibakiza ngozi nyumbani ili viwanda vyetu vipate malighafi. Wenye viwanda waliutaka. Wafanyabiashara wa ngozi ghafi waliuchukia. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, wala simlaumu yeyote kwa kuvuta. Ila nilikuwa nikienda machinjioni miaka ile, na nilichokiona ni kwamba bei ilipoanguka, mchunaji aliyekuwa akijitahidi kidogo aliacha kujitahidi kabisa, na ngozi zikatupwa shimoni pamoja na vinyesi. Ushuru unaweza kuizuia ngozi isivuke mpaka. Hauwezi kuinyoosha.

Niwageukie sasa ninyi vijana, maana mmesubiri vya kutosha. Kwenye mikono yenu mna kitu ambacho hakuna mashine ya kiatu cha bei nafuu inayokifanya. Mshono wa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta, kila sindano ikipita tundu lile lile kutoka upande wake, una faida ambayo mshono wa cherehani hauna: nyuzi mbili zinalindana, moja ikikatika nyingine inashika. Cherehani hufunga uzi wa juu na wa chini kwa kitanzi, na mmoja ukikatika mshono huanza kufumuka. Mteja hajui hili. Mwonyesheni. Kata mshono mmoja mbele yake, mvute, aone. Nimeuza mikoba mingi kwa kuiharibu kidogo kuliko kwa kuisifia.

Jifunzeni pia kuisoma ngozi kabla ya kuikata. Mgongo kwa mikanda na soli. Mabega kwa mikoba, yana mikunjo lakini yana nguvu. Tumbo hulegea, litumieni kwa bitana na vipande vidogo visivyobeba uzito. Msikate mkanda kwa kufuata umbo la meza, fuateni uti wa mgongo. Na mkitaka kuipa ngozi ya magome umbo, ikunjeni au ivuteni ikiwa na unyevu. Wahenga walisema ngozi ivute i maji, na watu wengi huitumia methali hiyo kwa watoto na malezi, bila kujua kwamba kabla ya kuwa methali ilikuwa maelekezo ya kazi. Mwalimu wangu aliposema hivyo hakuwa na hekima yoyote moyoni. Alitaka tulete ndoo.

Nawaomba msione haya kwa kazi hii. Jamii nyingi zimekula matunda ya ngozi huku zikimtenga anayeishughulikia, kwa sababu ya harufu na kwa sababu ya damu. Hata kule Fez, Moroko, ambako mashimo ya kudabaghi yamekuwapo kwa karne nyingi na watalii hulipa ili wayatazame kutoka juu ya mapaa, wageni hupewa majani ya mnanaa wayanuse, kwa kuwa humo chini mafundi wanakanyaga ngozi kwenye maji yaliyochanganywa na kinyesi cha njiwa. Mtalii anabana pua kwa mnanaa, kisha anashuka kununua mkoba wa dola mia. Nanyi mkiitwa wanuka ngozi, ulizeni bei ya kiatu cha anayewaita.

Wapo watakaosema kwamba maadamu kuna mitumba na kuna katambuga, nani atanunua kiatu cha ngozi cha fundi wa hapa? Mimi naiheshimu sana katambuga. Ni kiatu kilichobuniwa na watu wasio na kitu, kwa tairi lililokwisha kazi, kikawatembeza wafugaji na wakulima nchi nzima, nao jirani zetu Wakenya wakakiita akala. Lakini hebu tazameni kwamba fundi wa katambuga analijua tairi lake: anajua la lori na la gari dogo, anajua lenye waya na lisilo na waya, na haanzi kukata kabla ya kujua. Sisi wa ngozi, wenye vyeti na karakana, je, tunaijua malighafi yetu kwa kiwango hicho?

Hapa ndipo ilipo haja yangu kwa ushirika huu, nami nitaisema wazi ili iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Mchunaji wetu hulipwa kwa idadi ya ng'ombe. Akichuna haraka anapata zaidi, akichuna vizuri anachelewa, na ngozi ikitoka na matundu sita au bila tundu, kwake ni mamoja. Hakuna mtu anayeweza kufanya kazi nzuri kwa miaka mingi katika mpango wa namna hiyo, hata awe malaika. Tumekuwa tukiwalaumu watu ambao hatujawahi kuwalipa hata senti moja kwa kile tunachokitaka kutoka kwao.

Napendekeza tununue ngozi moja kwa moja machinjioni, kwa bei mbili zinazojulikana na zilizobandikwa ukutani: bei ya ngozi yoyote, na bei ya ngozi isiyo na mkato mgongoni, na tofauti kati ya bei hizo iende mkononi mwa mchunaji mwenyewe, siku ile ile, mbele ya wenzake. Napendekeza pia tununue visu vya kuchunia vyenye ncha ya mviringo, vilivyopinda, visivyoweza kutoboa kwa urahisi, tuwape kama wenzetu na si kama wafadhili. Kwa mbuzi, tuwakumbushe kuchuna kwa ngumi, kusukuma ngozi itoke kwenye nyama, kama wafugaji wanavyofanya nyumbani siku ya sikukuu bila kuharibu chochote. Tuweke magunia ya chumvi pale pale. Kuhusu chapa ya moto, lazima twende kwa wafugaji wenyewe na kuwasikiliza, maana wizi wa mifugo ni jambo la kweli. Tunachoweza kuwaomba ni kwamba chapa iwe ndogo, na iwekwe mguuni chini au shavuni, mahali ambapo hatukati kitu chochote cha maana.

Gharama yake nimeipiga hesabu pamoja na mhazini, naye ataisoma baada yangu. Si ndogo, na mwezi wa kwanza tutapata hasara, kwa sababu wachunaji hawatatuamini mpaka watakapoona fedha. Mimi mwenyewe nisingetuamini.

Machinjioni wanaanza kazi saa kumi alfajiri. Jumatatu nitakuwa langoni saa tisa na nusu, pamoja na visu kumi vya kwanza, ambavyo nimekwisha kuvinoa. Ninahitaji wanagenzi wanne wa kufuatana nami, wenye mabuti ya mpira na wasioogopa damu. Mmoja awe na daftari la kuandika jina la kila mchunaji na hali ya kila ngozi anayoitoa. Walio tayari wanione hapa mbele mhazini akimaliza, na ngozi hii ya mezani tutaibeba pia, ili wale waliomchuna ng'ombe huyu waione jinsi ilivyofika kwetu.